Mfuniko wa Kisima cha Mama Zena

Siku tuliyomzika Fundi Mrisho kule Kwihara nilikaa na wanawake wenzangu uani, mgongo nimeuegemeza ukutani na miguu nimeinyoosha, maana magoti yangu siku hizi hayakubali tena kukunjwa. Nyuma ya ukuta ule walikaa wazee wawili wakingojea chakula, na wazee wakingojea chakula hawajui kunong'ona. Mmoja alisema marehemu alikuwa fundi haswa, zege lake hata ulipige nyundo. Mwenzake akaitikia, akakohoa, kisha akasema, "Ila lile la kisima, bwana! Mtu mzima unamtuma binti wa watu akamwage mafuta ya taa kwenye kisima cha harusi. Sijui shetani gani alimpitia." "Aa, alikuwa na wivu tu," akasema wa kwanza, kwa sauti ya huruma kabisa, kama mtu anayemsamehe mwenzake. Nikabaki nimeishika sahani yangu ya wali. Fundi Mrisho hakumtuma mtu. Huyo binti wa watu ni mimi, na sikuinuka kwenda kuwaambia wale wazee hata neno moja, kwa sababu mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitegemea ushujaa huko mbele. Woga huo sikuzaliwa nao. Niliupata katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, na ninaweza kueleza ulianzia kwenye sahani ipi ya ugali.

Mwaka ule niliishi kwa Fundi Mrisho, mtaa wa Cheyo mjini, nikijifunza kazi ya zege. Chumba changu kilikuwa cha mbele, nusu chumba nusu stoo. Kitanda kilikuwa upande huu, na upande wa pili mifuko ya saruji ilipangwa juu ya mbao ili isipate unyevu. Nililala na saruji, nikaamka na saruji. Ilikuwa kwenye mto, kwenye nywele, hadi kwenye khanga za kuendea kwa watu. Bi Asha, mkewe, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, alikuwa akinipiga vumbi mgongoni kila asubuhi kwa kiganja kabla hajaniruhusu kukaa jikoni kwake. Tulikunywa chai ya rangi na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na msimu wa asali alitupakulia asali kwa kijiko cha mti. Wanawake wa kubeba zege kwa karai walikuwapo wengi mjini. Wa kushika mwiko hakuwapo hata mmoja, na waliopita uani kwetu walisimama kunitazama. "Fundi, huyu naye ni saidia fundi wako?" waliuliza. Fundi alijibu bila kuinua uso, "Huyu ni fundi ambaye hajamaliza." Niliishi kwa sentensi ile mwaka mzima. Nilitaka kumaliza upesi mno.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mifuniko ya visima. Nyumba nyingi za Cheyo zilikuwa na kisima cha kuchimba kwa mkono uani, na kisima kisichofunikwa huua kuku, mbuzi na watoto. Mfuniko tuliumimina vipande viwili, kila kimoja nusu duara, unene wa vidole vitatu, na katikati kila kipande kilimegwa ili vikikutana liwepo tundu la kupitisha ndoo. Tulisawazisha ardhi, tukatandika nailoni, tukazungusha ukingo wa bati, tukalaza nondo nyembamba juu ya vijiwe vidogo ili zinyanyuke kidogo tu kutoka chini, kisha tukamimina. Juu Fundi alipitisha ubao mara mbili, akaacha pakiwa na mikwaruzo, na zege likiwa bado bichi alichukua msumari akachora alama kama unyayo wa kuku. Alifanya hivyo kila kipande. "Alama itazame mbinguni," alisema, na siku ya kufunika kisima alihakikisha inatazama mbinguni kweli. Mimi nilidhani ni sahihi yake. Wapo mafundi seremala waliochonga herufi zao nyuma ya kiti, nikaona na huyu ana kuku wake. Sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza jambo ambalo hujaliuliza. Mpaka leo nikikumbuka mdomo wangu ulivyokuwa mwepesi kwa kila jambo la kipuuzi, na mzito kwa lile moja, najisikia kujizaba kibao.

Basi kaka yake Fundi akaugua huko Tura, naye akapanda treni kwenda kumwangalia, akisema atarudi baada ya juma moja. Alikaa miezi miwili, maana yule kaka hakupona wala hakufa upesi. Uwanja wa kazi akaniachia mimi, pamoja na vijana wawili wa kubeba. Mteja wa kwanza kuja alikuwa Mama Zena, mwenye nyumba ya bati jipya mtaa wa pili, mwanamke aliyejua kuvaa, kupika na kuamrisha, na katika hayo matatu la mwisho alilijua zaidi. Alikuja kuangalia mfuniko wake uliokuwa umekauka, akapitisha kiganja juu yake, akakunja uso. "Hiki ndicho nitakachokanyaga kwa miguu yangu? Mbona kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe?" Vijana walikuwa wamekwisha kuinua kipande kimoja kwa ubavu wakikipeleka kwenye mkokoteni, naye akainama akaona upande wa chini, ule uliolalia nailoni. Ulikuwa laini, unang'aa, unaweza kujitazama. "Weee!" akasema. "Yaani uzuri wote mmeuficha chini? Nani atauona, vyura? Nigeuzieni!" Nikacheka, nikaona ana haki. Siku ile ile tulikwenda kukifunika kisima chake, uso laini juu, unyayo wa kuku ukitazama maji.

Majirani walikuja kuangalia kama wanaangalia mtoto mchanga. Wiki haikuisha, akaja wa pili, akaja wa tatu, wote wanataka "wa kioo, kama wa Mama Zena." Nikamimina, nikageuza. Mmoja ulikwenda mpaka Kwihara kwa mkokoteni, ile njia ya zamani ya misafara, na mwenye kisima akanipa kuku mzima kwa furaha. Jumla ikawa mitano. Watu wakaanza kuniita Fundi Nyamizi, bila utani ndani yake, nami nikajizuia kutabasamu kila walipoita, na sikufaulu hata mara moja.

Fundi aliporudi alikuwa amekonda na amemzika kaka yake. Tulimwamkia, tukampa pole, Bi Asha akapika ugali na samaki wa migebuka na mlenda wa karanga, tukakaa chini jikoni sisi watatu. Bi Asha, kwa kutaka kumchangamsha, akasema, "Huku nako binti yako amekuwa maarufu. Siku hizi mji mzima unataka mifuniko ya kioo." Fundi alikuwa amekata tonge. Mkono ukasimama. "Ya kioo ndiyo ipi?" Nikamweleza mimi mwenyewe, kwa maringo, nikaonyesha na kwa viganja jinsi tulivyoigeuza. "Alama iko wapi?" akauliza. "Iko chini," nikasema. Akalirudisha tonge sahanini. Sijawahi kumwona mtu akirudisha tonge lililokatwa, wala kabla ya hapo wala baadaye. Akanawa mikono, akasema, "Mingapi?" Nikasema mitano. Bi Asha akaacha kutafuna. Hapo ndipo woga uliponiingia, kabla hata sijajua ninaogopa nini.

Alinipeleka uwanjani. Kipande kimoja cha nusu duara kilikuwa kimebaki, kimekauka vizuri. Tukakiweka juu ya matofali, tofali huku na tofali kule, katikati patupu, alama ikitazama juu. Akaniambia nipande. Nikapanda. Akapanda na yeye. Akawaita vijana wakaweka mifuko miwili ya saruji miguuni petu. Tulisimama pale kama watu wanaopigwa picha. "Shuka uangalie chini," akaniambia. Nikalala kifudifudi nikaona, upande wa chini, nyufa tatu nyembamba kama nywele, na kipande kimelegea kidogo katikati, lakini kimeshika. Tukakigeuza kwa mtaimbo, uso laini juu. Akanipandisha peke yangu. Kilisimama imara, hakikutikisika, hata nikaanza kufikiri kwamba mzee amehangaika bure. Kisha akautupa mfuko mmoja mbele yangu. Pa! Sikukisikia kikilia, sikuona ufa. Dakika hii nimesimama, dakika hii nimekaa chini katikati ya vipande viwili, na ngozi ya muundi wangu imebaki kwenye zege. Kovu ninalo. Nikatazama lile tundu nililoangukia, kimo cha tofali moja tu, nikaona badala yake urefu wa kisima cha Mama Zena, ambao niliupima mwenyewe kwa kamba.

Fundi alikaa juu ya mfuko ule ule akanieleza, na safari hii alieleza mpaka mwisho. Alisema zege ni kama mbeba mizigo, ukilibana kwa juu halijali, libebeshe nyumba nzima. Ila ukilivuta linakatika kama ugali wa jana. Chuma ndicho kinachovutwa kikavumilia. Mtu akisimama juu ya mfuniko, upande wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, kwa hiyo chuma lazima kilale chini, kule kwenye kuvutwa. "Hata hawa waliojenga matembe ya tope huko Kwihara walijua," alisema. "Tope peke yake hubeba, lakini likivutwa hupasuka. Wakalichanganya na majani, majani yakashika. Wewe umechukua majani ukayaweka mahali ambapo hayana kazi." Halafu akasema neno lililoninyima usingizi kwa majuma mengi: "Mfuniko uliolala sawasawa huonya. Utatoa ufa, utalegea, watu wataona. Uliolala kifudifudi hausemi kitu. Siku utakaposema, ndiyo siku yenyewe." Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema kesho tutaanza kuzunguka, na kwamba mimi ndiye nitakayewaambia wenyewe kwa kinywa changu.

Nilijua sauti ya kila kisima cha mtaa wetu, na alfajiri ile nilizisikia zote. Ndoo ikigonga tundu, kamba ikisuguana na zege, mama mmoja akimwita mwanawe asogee. Kila ukimya uliofuata nilikaa kitandani nimebana pumzi mpaka nisikie tena ndoo. Tulianza na watatu wa Cheyo, na wote walikubali, wengine wakinung'unika kuhusu uzuri wa kioo chao, lakini walikubali. Tukainua, tukageuza, kila kipande nikikishikilia kama yai. Kwihara nilitangulia peke yangu kwa baiskeli, mtaimbo umefungwa nyuma, Fundi akija na vijana. Nilipokata kona ya ile nyumba niliona wasichana watatu wanaruka kamba juu ya mfuniko. Waliuchagua kwa sababu ni laini, hauumizi nyayo. Wawili walizungusha kamba, mmoja alikuwa juu, anaruka, nywele zinaruka, na kila alipotua nilisikia mgongo wangu unagongwa. Nilitupa baiskeli, nikamkimbilia, nikamnyakua kiunoni naye akaniuma mkono. Mama yake alitoka jikoni na mwiko wa ugali akidhani mwanawe anaibwa. Alipokuja kuelewa, alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Tuligeuza mfuniko ule nao, ukawa wa nne, nikabaki na mmoja.

Mama Zena alikataa. Alitukaribisha sebuleni kwake, kwenye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, akatuletea kahawa na kashata, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Fundi Mrisho, mimi nakuheshimu. Lakini sema kweli yako. Umekwenda miezi miwili, binti kakupita kwa uzuri wa kazi, na sasa unataka kuivunja." Fundi akasema hataki kuivunja, anataka kuigeuza tu, kazi ya asubuhi moja. Mama Zena akasema ana harusi ya mwanawe Zena Jumamosi, wakwe wanatoka Igunga na Nzega, ua wake hautachimbwa wala kuchafuliwa na mtu. Mimi nikapiga magoti. Nikamwambia, mama, kosa ni langu, nimekosea mimi, siyo wivu wa mtu. Akanishika kidevu. "Masikini, amekutisha mpaka unajisingizia," akasema, na Fundi akamgeuzia uso mwingine kabisa. "Baada ya harusi, mtageuza mtakavyo. Siku nne zitawashinda nini?" Tukaomba basi tuweke magogo mawili juu, watu wakanyage magogo. Akakataa, ni ushamba, wakwe watasema nini. Njiani Fundi alitembea akishika ubavu. Alisema amezungumza na mume wa Mama Zena, naye amesema mambo ya uani ni ya mama. Tena hatukuwa na mwingine wa kumwendea.

Siku zote mbili za mwisho kabla ya harusi nilikwenda kwa Mama Zena nikajitolea kuchota maji. Nilichota yote, ya kupikia, ya kuoshea, ya kunywa, nikisimama miguu imetanuka juu ya ukingo wa matofali ili nisikanyage mfuniko, na mtu mwingine yeyote akisogea na ndoo nilimpokonya. Wanawake walinicheka. "Binti wa zege anatafuta mchumba kwa wakwe," walisema, na mmoja akaimba, wenzake wakaitikia. Niliwaambia mfuniko ni mbovu. Walijibu Mama Zena ameshawasimulia habari za mzee wangu na wivu wake. Viganja vyangu vilichubuka kwa kamba. Usiku wa Ijumaa nilirudi nyumbani nikalala kama gogo, na asubuhi ya Jumamosi nikachelewa, jua limeshatoka, na kwa hilo nimejilaumu miaka yote.

Nilipoingia uani nikakuta khanga zimezungushwa pale kisimani. Ndani yake bibi harusi alikuwa anaogeshwa na somo wake, juu ya mfuniko wangu, kwa sababu ndipo palipokuwa pasafi kuliko pote. Nilisikia maji yakimwagika na somo akiimba. Nikapiga kelele, watoke, watoke pale! Vigelegele vikanifunika. Shangazi mmoja akanivuta mkono, "We, una wazimu? Utamtia mwali mkosi." Nilihangaika mikononi mwake mpaka wakatoka, Zena amefunikwa gubigubi, anaongozwa kuingia ndani kama kipofu. Nikashusha pumzi. Sikuimaliza. Kutoka upande wa jikoni wanawake sita walikuwa wanakuja wakisukuma pipa, lile pipa kubwa la mafuta, wamelisugua na majivu, wanalibingirisha kwa vicheko. Walitaka kuliweka juu ya mfuniko, karibu na tundu, walijaze maji ya pilau pale pale bila kubeba. Pipa lijae, na wao sita kando yake.

Niliwaambia. Nililia. Mmoja akasema, "Msogezeni huyu." Nikatazama huku na huku nikaona mlango wa stoo uko wazi, na ndani debe la mafuta ya taa, yaliyowekwa kwa ajili ya taa za karabai. Sikufikiri. Naandika hivi nikiwa mtu mzima na bado sikumbuki kufikiri. Nililibeba debe kifuani, nikapita katikati yao, nikaliinamisha juu ya tundu la kisima nikamwaga mpaka tone la mwisho. Nilisikia mafuta yakifika chini, na harufu ikapanda. Kisha mtu akasema, "Amemwaga dawa! Mchawi! Amemwaga dawa kisimani!"

Mayo wane, mama yangu mie, sijawahi kuogopa vile. Neno lile huko kwetu si la mzaha. Kibao cha kwanza kilinijia sikioni, khanga ikavutwa, mtu akanishika nywele. Kilichoniokoa ni pua zao. Mwanamke mmoja aliinamia tundu akasema, "Ni mafuta ya taa tu, jamani, mafuta ya taa," na mikono ikapungua. Wakanitia stoo wakafunga mlango kwa nje. Nilikaa kati ya gunia la vitunguu na gunia la mchele, damu mdomoni, nikisikiliza. Mmoja alisema waitwe mgambo. Mwingine akasema mgambo wa nini, apigwe amalizwe. Mwingine akauliza wakwe watakunywa nini. Mama Zena hakupiga kelele, alilia, sauti ya chini, anasema, "Nimemkosea nini huyu mtoto? Nimempa chai, nimempa chakula." Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vibao. Lakini katikati ya yote nilitega sikio nisikie pipa. Halikusukumwa tena. Lilibaki lilipokuwa, mbali na kisima, na mtu akatumwa kuomba maji nyumba za jirani.

Fundi Mrisho alikuja adhuhuri, Bi Asha nyuma yake. Nilimsikia akisalimia, hakuna aliyemwitikia. Akasema, "Msimguse. Nimemtuma mimi. Na mfuniko nimekosea mimi, niliuweka vibaya. Binti ni mtumishi tu, hafanyi ila ninachomwambia." Nikasimama nikiwa na maganda ya vitunguu yamenata kwenye nguo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa mbao nyembamba, ningesema tu "Uongo!" wangesikia wote. Nilinyamaza, kwa sababu sauti za nje zilikuwa zimehama kutoka kwangu zikaenda kwake, na mwili wangu ukafurahi. Nimesema mimi ni mwoga. Walimtemea mate, mzee mzima. Aliponitoa mle ndani alinifuta mdomo kwa kofia yake, tukaenda nyumbani, na uongo ule hakuutaja tena maisha yake yote. Nusu ya Cheyo haikumpa kazi tangu siku ile. Baadaye akahamia Kwihara kabisa.

Siku tatu baada ya harusi mume wa Mama Zena alileta vibarua kukausha kisima. Sisi tulikuwa tumepigwa marufuku kukanyaga ua ule. Bi Asha aliletewa habari kwamba walipoinua kipande cha upande wa jikoni kiliwaponyoka, kikagonga ukingo, kikavunjika vipande viwili, na Mama Zena akavitupa kwenye shimo la taka siku ile ile. Sasa kilivunjika kwa kuponyoka, au kilikuwa kimekwisha kupasuka? Hakuna aliyejua. Wao walisema kilikuwa kizima na sisi ndio wazushi. Fundi aliniambia, "Usiniulize, sikukiona." Mimi nimekwenda na swali hilo miaka arobaini na kitu, nimemimina mazege mangapi sijui, nimefundisha wasichana kazi, na kila mwaka lilikuwepo. Huenda niliharibu maji ya watu, harusi ya mtu na jina la mzee mwema kwa ajili ya mfuniko ambao ungekaa mpaka leo.

Basi siku ile ya maziko, wazee wameshapata chakula chao wamenyamaza, mama mmoja mwenye fimbo alisogea akakaa karibu nami mkekani. Alikuwa amejifunika vizuri, uso umekunjamana, hina kwenye kucha. "Wewe ni Nyamizi," akasema. Sikumtambua mpaka aliposema yeye ni Zena. Tangu harusi yake hatukuwahi kusemezana. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, maana mama yake alikwisha kufariki, na baba yake pia. Akaniwekea mkono juu ya goti.

"Nimekuja kwa sababu Fundi amekufa na sikumwambia," akasema. "Asubuhi ile somo ananiogesha, nilisikia chini ya nyayo zangu, ta! Kama muhogo ukivunjwa. Na upande niliosimama ukashuka, unene wa ukucha. Somo alikuwa anaimba, hakusikia."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Walikuwa wameniambia bibi harusi hafungui mdomo siku ile mpaka atolewe. Nikaogopa kusogea, nikaogopa kusema. Nikasimama." Alitazama chini, kwenye miguu yake, mizee, yenye hina. "Somo alikuwa hajamaliza. Alinimwagia ndoo saba baada ya hapo, dada. Nilizihesabu."